Hela ya kaya maskini na maisha ya kibarua wa Bagamoyo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa kila kikundi chetu cha kuweka na kukopa kinapokutana. Mengine huulizwa barazani baada ya alasiri, mengine dukani watu wakisubiri kupimiwa unga. Nimeyajibu nikimfikiria mtu mmoja: kibarua wa kijijini, mwanamume au mwanamke, anayelima ngwe za watu huko Fukayosi, Yombo au Makurunge, au anayevuna nanasi za watu Kiwangwa upande wa Chalinze, na jioni anarudi na hela ya kula siku hiyo tu.

Hela ya kaya maskini inatoka wapi?

Inatoka TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ambao serikali iliuanzisha mwaka 2000. Awamu zake za mwanzo zilijulikana zaidi kwa miradi: madarasa, visima, zahanati. Kumpa mtu fedha mkononi kulikuja baadaye, na watu wa Bagamoyo tulikuwa miongoni mwa wa kwanza. Mwaka 2010 malipo ya majaribio yalianza katika wilaya tatu tu: Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Agosti 2012 Rais Jakaya Kikwete, mwenyeji wa Msoga hapa hapa kwetu, akazindua awamu ya tatu yenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini kwa nchi nzima. Februari 2020 Rais John Magufuli akazindua kipindi cha pili cha awamu hiyo.

Kwenye karatasi za serikali utakuta "uhawilishaji fedha", na anayepokea anaitwa mlengwa.

Kaya inapata shilingi ngapi?

Inategemea nani yumo ndani ya nyumba. Katika kipindi cha kwanza cha mpango wa nchi nzima, ruzuku ya msingi ilikuwa Sh 10,000 kwa mwezi. Kaya yenye watoto iliongezewa 4,000. Mwanafunzi wa shule ya msingi alileta 2,000, wa kidato cha kwanza hadi cha nne 4,000, na wa kidato cha tano na sita 6,000. Mtoto mdogo anayepelekwa kliniki alileta 4,000. Ukijumlisha yote, kaya haikuvuka Sh 38,000 kwa mwezi, na malipo yalifanyika kila baada ya miezi miwili.

Chukua mama mwenye watoto wawili shule ya msingi na mmoja kidato cha pili. Elfu kumi ya msingi, nne ya watoto, nne ya wale wawili, nne ya yule wa sekondari: 22,000. Kwa miezi miwili ni 44,000. Viwango hubadilika, kwa hiyo vya sasa muulize mtendaji wa kijiji au mratibu wa TASAF wa halmashauri. Mimi nitatumia hiyo 44,000 kama mfano.

Shilingi 44,000 ni kitu gani? Kibarua si anaipata kwa siku chache tu?

Kazi ikiwepo, kweli anaweza kuipata kwa siku chache. Shida ya kibarua ni kwamba kazi haipo siku zote, na ikiwepo humkuta wakati mbaya.

Tazama masika. Mvua ya kwanza ikishuka mwezi wa tatu, mwenye shamba kubwa anataka watu wa kulima siku hiyo hiyo. Kibarua naye ana kishamba chake cha eka moja au nusu eka, na wiki ya kukipanda ni hiyo hiyo. Nyumbani hakuna unga. Anakwenda kulima kwa mtu. Wiki ya pili anakwenda tena, maana watoto hula kila siku. Akija kushika jembe kwenye shamba lake, mvua imeshafika katikati. Mahindi anayapanda kwa kuchelewa, na palizi yake inagongana na palizi ya tajiri wake. Atakimbilia wapi? Atakimbilia penye hela ya jioni. Mwisho wa msimu mwenzake anahesabu magunia, yeye anahesabu madebe. Mwaka unaofuata anauanza akiwa hana chakula ndani, na mvua ya kwanza inamkuta tena kwenye shamba la mtu. Nimewaona watu wakizunguka hivyo mpaka wakazeeka, na walikuwa wachapakazi kuliko wengi wetu tunaowasema.

Halafu kuna kuuza kabla ya wakati. Mahindi yanauzwa yangali mabichi shambani, korosho inauzwa ikiwa bado maua. Mnunuzi anaijua shida ya muuzaji, kwa hiyo bei anaitaja yeye.

Sasa weka ile 44,000 mkononi mwa mtu huyu mwezi wa tatu. Itanunua unga na dagaa wa kuivusha familia wiki mbili hivi, na wiki mbili hizo ndizo za kupanda. Kiasi ni kile kile ambacho angekipata kwa kibarua, ila safari hii hakumgharimu msimu. Ninapoulizwa hela hii inafanya nini, jibu langu ni hilo: inampa mtu uwezo wa kusubiri. Asubiri mahindi yakauke, asubiri bei ipande, asubiri mwenye shamba aongeze ujira kidogo.

Kuna mama mmoja katika kikundi chetu, mjane, hesabu yake ndiyo hiyo ya 44,000. Siku ya malipo hukaa na daftari la mwanawe na kugawa kabla hajatoka nyumbani. Safari moja aligawa hivi: deni la dukani 15,500, unga 12,000, kandambili za watoto 3,500, hisa za kikundi 6,000, daftari na nauli ya yule wa sekondari 5,000. Zilizobaki 2,000 ni chumvi na sabuni. Ukiangalia haraka utasema hela yote imeliwa. Lakini mwenye duka siku hizi anamkopesha bila kukunja uso, kwa kuwa anajua siku ya malipo itafika. Na alipoitwa kupalilia kwa bei ya kutupa, alijibu, "Kaka yangu, kwa bei hiyo nitapalilia kwangu kwanza." Yule mwenye shamba akarudi siku ya tatu na bei nyingine.

Majaribio ya Bagamoyo yalionyesha nini hasa?

Hayakuwa ya kubahatisha. Vijiji 80 vya wilaya zile tatu viligawanywa kwa kura: 40 vikapata ruzuku, 40 vikasubiri. Watafiti wa Benki ya Dunia wakishirikiana na TASAF walizihoji kaya kabla ya malipo, kisha mwaka 2011 na 2012, na ripoti ikatoka mwaka 2014. Kwa kuwa kura ndiyo iliyochagua vijiji, tofauti iliyoonekana baadaye huwezi kusema ilitokana na ujanja wa mwenyekiti au rutuba ya udongo.

Afya iliboreka, na waliofaidika zaidi ni maskini kuliko wote. Watoto wadogo wa kaya hizo walipungukiwa siku za kuumwa kwa takriban siku nzima kila mwezi. Wazazi wanaijua siku hiyo moja: ni siku ya kibarua isiyopotea kwa kukaa kwenye foleni ya zahanati. Watoto wengi zaidi waliandikishwa shule, na wengi zaidi walimaliza darasa la saba. Kaya zilinunua viatu vya watoto, na zilijiunga zaidi na bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii.

Na mifugo iliongezeka. Hilo ndilo hunigusa zaidi, kwa sababu linaonyesha jinsi mtu maskini anavyofikiri akipata nafasi. Waandishi wa ripoti walisema kwamba kaya hizi zilielekea kupunguza hatari kuliko kuongeza matumizi. Kuku, mbuzi, bima: vyote ni vitu vya kumkinga mtu siku mambo yakiharibika. Mtoto akipandwa na homa usiku, unauza kuku wawili asubuhi. Bila kuku, unauza jembe au unakwenda kukopa kwa masharti ya mwenye hela.

Akiba kwa wastani haikuongezeka sana, ila kwa nusu iliyo maskini zaidi akiba isiyo ya benki iliongezeka. Kwa tunaoishi na upatu na vikundi, hilo halishangazi.

Wanaume hawataenda kunywea?

Wako watakaokwenda, kama walivyo wenye mishahara wanaofanya hivyo. Lakini kama unauliza kwa ujumla wake, jibu limeshatafutwa. David Evans na Anna Popova walikusanya tafiti kutoka nchi nyingi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini kuangalia kama ruzuku za fedha huongeza ununuzi wa pombe na sigara. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2017, ni kwamba haziongezi, na mara nyingine ununuzi huo hupungua. Kule Rarieda, kaunti ya Siaya nchini Kenya, Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walifuatilia kaya zilizopewa fedha bila sharti lolote, na nako matumizi ya pombe na tumbaku hayakupanda.

Swali hili huulizwa kwa wepesi mno. Mkulima mkubwa akipewa mbolea ya ruzuku, hakuna anayemuuliza jioni anakunywa nini.

Watu hawatakuwa wavivu, waache vibarua?

Kwa 22,000 kwa mwezi? Amri ya mishahara ya mwaka 2022 iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa kilimo kuwa Sh 140,000 kwa mwezi. Ruzuku haifiki hata robo ya hapo, na kibarua wa kutwa asiye na mkataba mara nyingi kima cha chini hukisikia redioni tu. Hakuna mtu mzima mwenye watoto anayeacha kazi kwa kiasi hicho.

Kinachotokea ni kwamba watu hubadili aina ya kazi. Nchini Kenya kuna utafiti mkubwa unaofanywa na kina Abhijit Banerjee, mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya Uchumi ya mwaka 2019, ambapo watu wazima wa vijiji vizima hupewa takriban senti 75 za Marekani kwa siku. Kwa jumla kazi hazikupungua. Watu walipunguza kuajiriwa kwa ujira na wakaongeza kujiajiri: genge, kuku, ushonaji, biashara ndogo. Kwa mwenye shamba anayetegemea vibarua wa bei rahisi hiyo ni habari mbaya, na naamini malalamiko mengi ya uvivu huanzia hapo. Mtu akiacha kukulimia kwa bei yako ili alime kwake, hajawa mvivu.

Mimi ni kijana, nina nguvu zangu. Naweza kuingia?

Kinachoandikishwa ni kaya, kwa hiyo nguvu zako peke yake hazikuingizi wala hazikutoi. Kaya yenye mtu anayeweza kufanya kazi iliwekewa pia ajira za muda: kuchimba malambo, kutengeneza barabara za kijiji, kupanda miti. Katika kipindi cha kwanza malipo yalikuwa Sh 2,300 kwa siku, hadi siku 60 kwa mwaka, yaani siku 15 kwa mwezi kwa miezi minne. Jumla ni 138,000. Kazi zilipangwa ziangukie miezi ya njaa wakati mashambani hakuna shughuli, na mpango huo ni mzuri ukifuatwa. Ajira ya muda ikiletwa katikati ya palizi inamrudishia kibarua tatizo lile lile la kuliacha shamba lake. Kwenye mkutano wa kijiji semeni ratiba mnayoitaka, na semeni mapema.

Kama kaya yenu haimo, ulizia pia mikopo ya halmashauri isiyo na riba. Asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa kwa vikundi: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Huo ni mkopo, utarudishwa, kwa hiyo usiuchanganye na ruzuku.

Kwa nini jirani amepata na mimi sijapata, wakati sote tuna shida?

Hili ndilo swali lenye uchungu kuliko yote, na sitaki kulijibu kwa juu juu.

Utaratibu ulikuwa hivi. Kwanza vilichaguliwa vijiji. Kisha mkutano wa kijiji ukakubaliana vigezo vya umaskini kwa hali ya pale: nani anakula mlo mmoja, nani hana nyumba ya kueleweka, nani analea yatima. Majina yakapendekezwa na kusomwa mbele ya watu. Halafu kaya zilizopendekezwa zikajazwa dodoso, na majibu yakapimwa kuona kama kaya iko chini ya kiwango kilichowekwa.

Ugumu ni kwamba vijijini kwetu tofauti kati ya maskini wa mwisho na anayemfuatia ni ndogo sana. Mmoja ana bati nane zilizotoboka, mwingine ana makuti mapya. Dodoso litawatenganisha, lakini maisha hayajawatenganisha. Kibarua ndiye huumia hapa mara nyingi: siku ya mkutano hayupo, yuko shambani kwa mtu, na jina la asiyekuwepo halina wa kulitetea. Mwingine amehamia kufuata kazi, kwao hayupo na alikohamia hawamjui. Uandikishaji ukitangazwa, hakikisheni habari inawafikia hata walioko kwenye mashamba ya chumvi na kambi za mkaa.

Kama unaona umeachwa kimakosa, peleka malalamiko kwa kamati ya usimamizi ya jamii hapo kijijini, kisha kwa mtendaji, na ukiona kimya nenda kwa mratibu wa halmashauri. Andika barua, baki na nakala.

Ziko nchi zinazolipa kundi zima ili kuepuka ugomvi huu. Ng'ambo ya pili ya maji, Zanzibar, tangu Aprili 2016 kila mzee aliyefikisha miaka 70 hupata pensheni jamii, ilianza na Sh 20,000 kwa mwezi. Hakuna kupimana nani maskini zaidi. Ningependa kuona Bara tukilijadili jambo hilo kwa uzito, angalau kwa wazee.

Mtoto akikosa shule, hela inakatwa?

Sehemu ya ruzuku inafungamana na masharti. Wakati wa majaribio yetu, watoto wa miaka 7 hadi 15 walitakiwa kuandikishwa na kuhudhuria angalau asilimia 80 ya siku za masomo, wadogo wa chini ya miaka mitano kupelekwa kliniki mara sita kwa mwaka, na wazee mara moja. Ukipuuza, malipo hupunguzwa. Mtoto akiumwa chukua cheti cha zahanati umpe mwalimu, na hakikisha jina la mtoto kwenye daftari la mahudhurio limeandikwa kama lilivyo kwenye kaya yako.

Apokee baba au mama?

Mara nyingi mama ndiye huandikishwa, kwa hoja kwamba ndiye anayejua chungu kina nini. Pale Rarieda walijaribu kuwapa wake katika kaya fulani na waume katika nyingine, na hawakuona tofauti kubwa katika matumizi. Ushauri wangu: apokee yule ambaye asubuhi ya malipo hatakuwa amekwenda dago kuvua au kambini, na hesabu ifanyike wote wawili wakiwepo.

Hela ikija kwa simu kuna hatari gani?

Faida ni kwamba hutembei kilomita kadhaa kukaa kutwa nzima kwenye foleni, na siku ya kibarua inaokoka. Hatari ziko tatu.

Namba ya siri. Bibi asiyeona vizuri humpa wakala simu na namba ya siri pamoja. Afadhali aende na mjukuu anayemwamini, na namba abonyeze mwenyewe. Pili ni makato: jua kabla hujafika utakatwa kiasi gani kwa kutoa, na kama unaweza, toa mara moja badala ya vipande vipande. Tatu ni matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" na wale wanaojifanya maofisa, eti wathibitishe malipo yako. Hakuna ofisa halali anayehitaji namba yako ya siri. Kata simu.

Laini iwe na jina lako na lifanane na la kitambulisho cha taifa. Malipo mengi hukwama kwa herufi moja tu.

Malipo yakichelewa, kuna ubaya gani? Si yatakuja tu?

Ubaya ni mkubwa. Nimesema thamani ya hela hii ni kumpa mtu uwezo wa kusubiri. Mtu aliyepanga kupanda kwa malipo ya mwezi wa tatu, yakaja mwezi wa tano, amesubiri bure: hakwenda kibarua, hakupanda vya kutosha, na mwenye duka ameanza kumkwepa. Angepewa kidogo zaidi lakini siku ile ile iliyoahidiwa, angefaidika kuliko kupewa nyingi kwa kushtukizwa.

Kwa anayepokea: usikopee malipo ambayo hayajatangazwa. Kwa viongozi wa kijiji: mkisikia kuna kuchelewa, waambieni watu siku hiyo hiyo, hata kama habari ni mbaya. Mtu akijua hakuna hela mwezi huu, ataamka mapema akatafute ngwe ya kulima.

Naweza kulipia mkopo wa kausha damu kwa ruzuku?

Kama umeshaingia, lipa utoke. Mikopo hiyo ya marejesho ya kila siku au kila wiki inamwelemea hasa kibarua, kwa kuwa kipato chake ni cha msimu na marejesho hayajui msimu. Siku hakuna kazi, wanachukua sufuria au godoro.

Ila usiweke rehani kadi ya simu wala kitambulisho chako. Wapo wakopeshaji wanaoshika laini ya mlengwa ili siku ya malipo watoe wao. Ukifika hapo ruzuku si yako tena. Mwambie mwenyekiti wa kitongoji, au njoo kwenye kikundi chochote cha kuweka na kukopa kilicho karibu. Tumewahi kuununua mkopo wa mwenzetu, akatulipa sisi taratibu baada ya kuuza ufuta.

Ni bora kupewa yote kwa mkupuo au kidogo kidogo?

Inategemea unataka ifanye nini. Rarieda, waliopewa kila mwezi walipata unafuu zaidi wa chakula, na waliopewa kwa mkupuo walinunua zaidi vitu vya kudumu kama mabati. Kibarua anahitaji vyote, chakula cha miezi ya njaa na kitega uchumi. Ndiyo maana upatu haufi hapa kwetu: watu kumi wenye malipo madogo wanatengeneza mkupuo wao wenyewe. Mkiucheza, pangeni zamu ili anayetaka kununua mbegu apokee kabla ya mvua, na kijumbe, yaani anayekusanya na kugawa hela, awe mtu ambaye nyumba yake mnaijua.

Hela zikimwagika kijijini bei hazitapanda?

Siaya walilipima hilo kwa upana: zaidi ya kaya 10,500 katika eneo lenye vijiji 653 zilipewa takriban dola 1,000 kila moja. Bei zilipanda kwa takriban asilimia 0.1 tu. Kila dola iliyoingia ilizalisha shughuli za kiuchumi za kama dola mbili na nusu, na kaya ambazo hazikupewa kitu nazo ziliongeza matumizi, kwa kiasi kikubwa kutokana na ujira. Fundi aliitwa kuezeka, muuza samaki aliuza zaidi, kibarua alipata wa kumwajiri. Ruzuku zetu ni ndogo kuliko hizo na sitasema matokeo yatalingana. Lakini siku ya malipo simama karibu na genge lolote, uangalie nani anauza.

Nikinunua mbuzi au nikaezeka bati, nitatolewa?

Kaya hutathminiwa upya, na zilizoonekana kuimarika huhitimishwa. Hofu ya kutolewa isikufanye ufiche mbuzi kwa shemeji. Jiandae tu: ukiona mifugo imefika idadi ya kujiendesha, ingia kwenye kikundi na uulizie ruzuku ya uzalishaji mali kabla ya tathmini. Na mkihoji tathmini, hojini hili: je, imefanyika baada ya mavuno au katikati ya njaa? Kaya ile ile ya kibarua ina sura mbili katika mwaka mmoja.

Kwa hiyo hela hii inatosha kumtoa mtu kwenye umaskini?

Peke yake, hapana. Haimpi ardhi aliyepoteza shamba. Haileti dawa zahanati. Haimlazimishi mwajiri kulipa ujira wa kisheria. Na Sh 10,000 ya mwaka 2013 hainunui leo ilichonunua wakati ule, kwa hiyo viwango visipofuata bei, msaada unapungua bila mtu kutangaza. Ninawaomba madiwani na wabunge wetu walibebe hilo la viwango.

Nafanya kazi Dar, nataka kumsaidia shangazi yangu kijijini, hayumo kwenye mpango. Nifanyeje?

Mtumie kiasi unachoweza kukimudu hata mwezi mbaya, na kila mwezi tarehe ile ile. Elfu kumi inayofika kila tarehe 5 ina nguvu kuliko elfu hamsini ya ghafla sikukuu ya Idi. Ongeza kidogo mwezi wa pili mwishoni, kabla ya masika, na mwezi wa tisa kabla ya vuli, ili apande kwake kwanza. Tuma na hela ya kutolea. Usimpangie matumizi, ila muulize shamba limefika wapi. Akikwambia ameuza mahindi mabichi, uliza alikuwa na shida gani, kisha mwezi ule ule mwakani utume wiki moja mapema.